Kutoa ni Mwendo

Kazi yangu ilikuwa pampu.
Akelo alishika saa, Mukhwana akahesabu,
mimi niliinama na pampu ya baiskeli ya bawabu
uwanjani, hapa Maseno,
hatua mia tatu kutoka kibao cha Ikweta.

Roketi: chupa ya soda, lita mbili.
Mapezi matatu, tuliyakata kwenye bango
la diwani aliyeshindwa (tabasamu lake likabaki pezi la kushoto).
Kizibo, kisigino cha kandambili.
Puani donge la udongo, ili kichwa kiwe kizito
na mkia usitake kutangulia.

Mara ya kwanza tuliijaza maji pomoni.
Ilijikongoja hadi usawa wa dirisha,
ikalala chali mbele ya jiko la shule.
Mara ya pili hatukutia hata tone.
Ilisema pu! ikachoka hapohapo:
hewa peke yake ni nyepesi mno kuitupa.
Mwalimu Ogolla, chaki sikioni,
alitamka neno moja tu: Theluthi.

Theluthi ya maji. Juu yake hewa,
nikaibana, nikaibana, hata chupa ikawa ngumu kama goti.
Thelathini na sita, akasema Mukhwana. Thelathini na saba.
Kizibo kikashindwa.

Maji yalikwenda chini kwa kishindo,
chupa ikaenda juu kwa sababu hiyohiyo, hakuna nyingine.
Haikuisukuma ardhi. Haikuegemea hewa.
Ilitupa kilicho chake huku,
ikalipwa kule.
Wahenga walisema kutoa ni moyo;
roketi inasema kutoa ni mwendo.

Walioiona wanasema ilipita mikaratusi,
kwamba maji yaliisha na bado ilipanda,
ardhi ikiivuta shati, upepo ukiikwaruza mbavu,
hadi ikasita kileleni,
ikageuza pua.
Sekunde saba, Akelo alipiga kelele.
Mimi sikuona kitu. Nililowa kuanzia kola hadi soksi.

Mwalimu akanipa leso yake.
“Hapo uliposimama,” alisema, “dunia inakubeba mashariki
zaidi ya mita mia nne kila sekunde.
Wenye roketi kubwa huutafuta mstari huu
wapewe mwendo huo bure.”

Nikatazama viatu vyangu ndani ya tope.
Kumbe sijawahi kusimama.

Akelo alikwisha kuleta ndoo nyingine.