Kielelezo Namba Tatu, Kielelezo Namba Nne

Nyuma ya stoo ya nyavu haramu, hapa Mwanza,
vimewekwa vizimba viwili vinavyotazamana.
Nimepewa funguo, tochi,
na daftari la kuandika walichokula.

Namba tatu ni kasuku: rangi ya jivu la juzi,
mkia mwekundu kama aliyekalia pilipili.
Namba nne, karani kaandika "komba mkia wa pete".
Mimi komba wa kwetu Bujora namjua,
hulia usiku kama kichanga kilichosahauliwa mtini.
Huyu usiku analala. Katoka mbali, kisiwa
babu zetu wa pwani walichokiita Bukini,
na mkia wake nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi,
nimehesabu hadi tisa nikasinzia.

Kasuku anasema. Loo, anasema!
Nikimmulika tu: "Ongeza elfu kumi, njia ina macho."
Kwa sauti ya mtu. Kwa kikohozi cha mtu.
Hata mlio wa simu yake, kisha: "Nipo Kamanga, shusha."
Niliandika yote. Afisa Lushinge akacheka:
"Ndege haapishwi, Bugumba. Andika papai."
Nikaandika: papai, kipande kimoja.

Namba nne hasemi.
Alfajiri, jua likishapanda mawe ya Bugando,
hukaa kitako, mikono wazi,
viganja magotini, tumbo jeupe mbele,
kama mtu anayepekuliwa na hana kitu.
Hakai vingine mpaka kivuli cha waya
kimtoke kifuani.

Wiki ya sita hii nawalinganisha, kazi nyingine sina.
Mmoja ana vidole kama vya binti yangu Nyanzala,
hupitisha mkono wavuni akanishika dole gumba.
Mwenzake ana maneno yetu, mkono hana.
Ukiwaunganisha unapata mtu, niliwaza,
nikajiona nina akili.
Kisha nikawakumbuka waliowaleta:
mikono walikuwa nayo, na maneno pia.

Jana kesi imeahirishwa. Mara ya nne.
Wakili ana homa.
Na kasuku kajifunza sauti mpya, ya kufuli langu:
kli, chak.
Kila akiitoa, namba nne anaruka,
anaushika mlango, anausukuma.

Daftari halina safu ya jambo hilo.

Anangoja kidogo.
Anausukuma tena.