Kiswahili cha Amri

Leo zamu inaanza saa tisa na robo usiku.
Kesho saa tisa na dakika hamsini na tano,
keshokutwa alfajiri,
kwa kuwa siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa dakika arobaini kasoro
nami naishi kwa siku ya Mirihi
nikiwa Soroti, juu ya duka la mbegu.

Ekwaru wa bodaboda ameacha kuuliza.
Zamani alisema, "Dada, wewe ni mlinzi au mchawi?
Juzi nilikupeleka kazini jua la utosi,
leo hata mbwa wamelala."
Hunishusha chini ya jabali la mji,
nikapanda ngazi na roleksi yangu,
yai likitoa mvuke ndani ya gazeti.

Mgonjwa wangu ni kifaa kisichozidi kopo la maziwa,
kimefungwa kwenye mkono wa chombo kilichotua
bondeni ambako hakuna aliyewahi kukohoa.
Hunusa mawe kwa mwanga. Hutaja chumvi, hutaja udongo
ulioonja maji kabla ya yeyote kuwa na kiu.
Mimi si mgunduzi. Mimi huuliza:
joto la bawaba? Volti? Jana umekula umeme kiasi gani?
Naandika daftarini, namkabidhi Asekenye, nakwenda kulala.

Usiku huu kifuniko kimegoma.
Vumbi, au baridi, au uzee tu:
kilirushwa nikiwa darasa la sita.
Bawaba: hasi sitini na tatu.

Lazima niandike amri.

Baba alikuwa sajini, kambi ya Moroto,
na Kiswahili alichotuletea nyumbani hakikutiwa sukari.
Kiteso kilikuwa cha kula na kulia,
Kiingereza cha shule na karani wa hospitali,
Kiswahili: Simama. Geuka. Leta maji. Zima taa.
Vitenzi vilivyonyolewa upara.
Miaka mingi nilidhani ni lugha isiyojua kuomba.

Na sasa ndiyo kazi yangu.

PASHA BAWABA, DAKIKA KUMI NA MBILI.
SUBIRI.
FUNGUA, NYUZI TISINI.
SOMA JOTO.
LALA.

Emorut, mkuu wa zamu, anapitia kila neno kwa ncha ya kalamu,
mara tatu, kama anayechambua mchele wa wakwe.
"Tuma."
Umeme unakatika. Jenereta inaguna, inashika.

Dakika kumi na tisa kwenda,
kumi na tisa kurudi.
Huwezi kurudia amri kwa sababu moyo unadunda:
ya pili ingeikuta ya kwanza mlangoni,
zikagombana.

Nampigia baba. Wanajeshi wazee hawalali.
"Ametii?"
"Bado. Amri iko njiani."
"Na asipotii?"
"Tutamwuliza tena, baba. Taratibu."
Akacheka, kicheko kikavu kama kiberiti kisichowaka.
Kisha kimya, nikasikia saa yake ya ukutani.
"Ukitoka, niletee dawa ya goti," akasema.
"Ukiweza."

Nikabaki na simu sikioni baada ya yeye kukata.
Ukiweza.
Miaka sabini na miwili,
na neno hilo sikuwahi kulisikia mdomoni mwake.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili namba zikaingia,
moja moja.
Bawaba: hasi kumi na nane. Imepata moto.
Kifuniko: nyuzi kumi na moja.
Kumi na moja, badala ya tisini.
Asekenye, aliyewahi kufika, akasema, "Ufa ni ufa."

Nikaandika upya. Pasha, dakika ishirini. Subiri. Fungua.
Mwisho wa mstari nikaweka ile alama
inayoiambia mashine: baada ya hapa usisome, ni ya watu.
Baada yake nikaandika neno moja.

Kalamu ya Emorut ikashuka mstari kwa mstari,
ikafika hapo, ikasimama.
Akanitazama juu ya miwani.
Hakulifuta.

"Tuma," akasema.