Fahali Nusu

Walinipa brashi ya manyoya, gundi ya ngano,
na mbingu iliyookotwa stoo ya shule, Mvumi,
imeviringishwa ndani ya bomba la bati.
Mchwa walishaila kona ya kusini.

Mbingu ya mchoraji imejaa kama gulio la Kibaigwa:
mwindaji na rungu lake, nge, mbwa wawili,
binti mfalme kafungwa mnyororo mwambani
kwa kuwa mama yake alijisifu uzuri.
Penye kijani, rangi imeitafuna karatasi.
Nabana pumzi nisije nikapeperusha nyota.

Jioni moja ya Novemba, umeme umekatika,
Chedego, mlinzi wetu, akaleta taa ya chemli,
akainama juu ya fahali:
pembe, jicho jekundu, miguu miwili ya mbele,
halafu wingu.
"Nyuma yake iko wapi?"

Nikamwambia hadithi inavyosema: huyu ni mungu
aliyejigeuza ng'ombe, akambeba msichana mgongoni,
akaogelea naye; kiuno kimezama baharini.
Chedego akacheka hadi taa ikatikisika.
"Ugogoni huwezi kuposa kwa ng'ombe nusu.
Na baba wa binti, alipata nini?"
Nilipekua. Kitabu hakisemi.

Tukatoka nje. Vumbi la mchana lilikuwa limetua.
Akanyoosha kidole mashariki, juu ya vilima:
"Wale dada saba uliosema wanalia begani mwake,
kile ni Kilimia. Mama yangu
hakufungua kilindo cha uwele kabla hajakiona."
Ndipo nikang'amua: fahali wa karatasi
anaangalia upande usio wake.
Aliyemchora alisimama nje ya mbingu,
akitazama ndani
kama mtu achunguliaye dirishani mwa watu.

Kanuni ya kazi yangu ni fupi:
pengo lililoliwa huzibwa kwa karatasi tupu.
Hairuhusiwi kuchora.
Nikaziba kusini, anga lile lile
linalopita kila usiku juu ya bati letu,
nikapaka maji ya chai, weupe usipige kelele.

Chedego huuliza bado, kila akikabidhi zamu:
"Umeipata ile nyuma?"
Bado, nasema.
"Basi iko huku. Inachungwa."