Mkoba wa Guillemette

Kabla halijavaa tai,
kabla halijasomwa bungeni kwa kukohoakohoa,
neno bajeti lilikuwa ngozi,
na ngozi yenyewe bado ikinuka ndama.

Njoo Rouen, kando ya kijito cha Robec.
Maji yake leo mekundu, jana yalikuwa ya buluu,
inategemea nani amesuuza vitambaa huko juu.
Guillemette, mjane wa Aubin, anashonea mlangoni
kwa sababu ndani mshumaa una gharama.

Mfuko mkubwa, wa kufungwa kwenye tandiko la farasi,
wanauita buji.
Mdogo, wa kiunoni: bujeti.
Hajui kwamba neno analolitafuna pamoja na uzi
lina umri kuliko kanisa lililo nyuma yake.
Warumi walilichukua kwa Wagali,
na kwa Wagali, wasemavyo wajuzi, shina lake ni kuvimba:
kama tumbo la aliyeshiba,
kama la mjamzito,
au la mtoto wa njaa, maana hilo nalo huvimba.

Leo ameshona mitano.
Mmoja umechukuliwa na mchuuzi wa sufu
anayevuka maji kwenda Uingereza.
Huko neno litashuka naye gatini,
lijifunze kutamkwa kwa midomo mingine,
likae viunoni miaka na miaka,
hadi siku waziri atakapofungua mkoba
mbele ya waheshimiwa, wote wakinyoosha shingo.
Kisha mkoba utasahaulika.
Yatabaki makaratasi, tarakimu, ubishi.
Ndama atakuwa amekufa mara ya pili.

Lakini hayo ni ya vilembwe.
Jioni hii anao mkoba wake mwenyewe,
umeungwaungwa kwa vipande walivyokataa wateja.
Anaumwaga pajani:
sarafu saba, sindano iliyopinda,
jino la kwanza la Thomasse.

Nne za mtengeneza ngozi. Hizo hazina mjadala.
Mbili, mkate.
Moja anaigeuza, anaigeuza tena.
Chumvi? Mshumaa?

Kutoka gizani, Thomasse:
“Mama, na viatu?”

Hajibu.
Anarudisha jino kwanza,
kisha sindano,
kisha zile saba, mojamoja, kama zitaongezeka njiani.
Anaivuta kamba kwa meno,
na mfuko, mwepesi hivyo,
unavimba kidogo.

Ni hewa.