Lumbesa

Mizani nimeiazima kwa Mwakatobe, dalali wa viazi,
ile ya kuning'iniza, yenye ndoano na uso kama wa saa.
Tumeifunga kwenye boriti ya jikoni, hapa Uyole,
saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala mlangoni
kama ng'ombe aliyegoma kunyanyuka.

Kila begi, wamesema, kilo ishirini na tatu.
La kwanza linapanda, mshale unazunguka: thelathini na moja.
Mwakatobe anacheka mpaka kofia ya sufu inamshukia machoni.
"Mama Lusajo, hii ni lumbesa!
Mimi nimepigwa faini kwa pungufu ya hapo."

Nafungua. Natoa.

Ipyana ameandika kutoka Leipzig:
Usihangaike na vyombo, huku kila kitu kipo.
Kila kitu.
Nayatazama maneno hayo kwenye simu
kama mtu anayetazama chenji kiganjani,
anajua imepungua, hajui ni shilingi ngapi.

Blanketi la kijivu, la baridi ya Juni, linarudi kitandani.
Pasi ya jogoo inarudi rafuni, kilo nne za chuma;
huko nasikia mkaa ni wa kuchomea nyama tu, siku za jua.
Mwiko umebaki ndani. Umeinama upande mmoja
kwa miaka tisa ya mkono wangu wa kushoto.
Mwiko mwingine ningeuanzia wapi?

Chungu cha Ikombe mama alikileta kutoka Matema,
amekipakata ndani ya basi kama mjukuu,
akikataa kumpa kondakta akipandishe juu.
Maharage ya matanga yake yaliivia humo.
Nimekizungushia kanga mbili, nikakivua,
nikakizungushia tatu.
Mwisho nimempa Tusekile.
Kakipokea kwa mikono miwili, hakusema asante,
akainamia mdomo wake, akanusa.

Majirani nao wanakuja kuaga, macho yametangulia.
Wanakunywa chai huku wanalipima kabati.
Mama Bupe kauliza bei ya friji
kabla ya kuuliza tarehe ya safari.
Simlaumu. Kitanda hiki mimi nilikinunua
kwa mwalimu aliyehamishiwa Chunya;
nilianza kukifungua skrubu
godoro likiwa bado na joto lake.

Mbegu za maboga haziruhusiwi.
Nilikuwa nimezishona kwenye pindo la kitenge.
Nimezifumua zote, nimezirudisha koponi.
Kisha nimechukua tatu.
Hilo asiambiwe mtu.

Ishirini na tano na nusu.

Albamu ya picha nimeichambua ukurasa kwa ukurasa,
nikiacha walio hai, maana hao wana simu.
Bado ishirini na nne.
Natoa viatu vyangu vya kanisani. Nimesikia kuna theluji.

Lusajo ana miaka sita. Nilimwambia achague kitu kimoja,
nikangoja mpira, nikangoja gari lake la waya.
Kaja na jiwe la bafuni, la kusugulia miguu,
jepesi, limejaa matundu,
lililotemwa na Mlima Rungwe
zamani ambapo pengine hapakuwa na mtu wa kukimbia.
"Linaelea, mama. Nimelijaribu kwenye beseni."
"Baba kasema mawe huko yapo."
"Yanaelea?"

Sikuwa na jibu. Nimelitundika kwenye ndoano, ndani ya mfuko wa rambo.
Mshale umetikisika kidogo,
kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali,
ukarudi kwenye sifuri.

Nje Mwakatobe anapiga honi.
Lori linapakia, anataka mizani yake,
na begi la pili bado sijaligusa.