Kabari

Miaka thelathini na moja nimechuchumaa
juu ya kigoda cha shibiri moja,
nikitandika vijiwe vyeupe mitaani Setúbal,
kimoja kimoja, kama mtu anayepanga meno
ya kinywa kisichofumba.
Jiwe likikataa, unaligeuza. Likikataa tena, unalipasua.
Sikufundishwa lingine.

Jumanne ile, mbele ya duka la dawa,
Telmo aliita, "Fundi Belmiro, mchanga umekwisha!"
nikageuka kabla mguu haujageuka.
Kiatu kilibaki kilipokuwa. Mimi nilikwenda.
Ndani ya goti kitu kikalia ta!
kidogo tu, kama uzi wa kifungo.
Sikuanguka. Nilimaliza safu yangu.
Jioni goti lilikuwa limeumuka
kama unga uliosahauliwa karibu na jiko,
na Idalina akalifunika kwa barafu ya sokoni
iliyokuwa bado inanuka dagaa.

Siku tisa nilipanda ngazi za nyumbani kama mtoto:
mguu mzima mbele, mgonjwa nyuma.
Siku ya kumi, nikivaa soksi, likakwama.
Halikunjiki, halikunjuki.
Nikakaa kitandani na soksi moja
hadi lilipojiachia lenyewe, bila maelezo.

Daktari Vilhena alishika kisigino,
akalikunja goti, akazungusha unyayo nje, ndani,
vidole vya mkono wa pili vikisikiliza
pale mfupa unapokutana na mfupa.
"Hapa?"
Nilijibu kwa neno ambalo Idalina alijifanya hakulisikia.
Wakanilaza nusu saa kwenye mashine ya sumaku,
katika makelele ya barabara inayovunjwa.
Nilikaribia kusinzia.

Picha ilitoka nyeusi na nyeupe, rangi za kazi yangu.
"Mfupa wa paja una mviringo chini," akasema,
"na wa muundi ni bapa juu. Mviringo haukai juu ya bapa.
Ndiyo maana kati yake kuna magegedu mawili,
umbo la mwezi mchanga, manene ukingoni, membamba ndani..."
"Kabari," nikasema.
Akanitazama. "Ndiyo. Kabari.
Na hili la upande wa ndani limechanika."

"Lishone, basi."
Akanieleza habari za damu:
ukingoni inafika, ufa wa huko hushoneka ukaunga;
kule kwenye wembamba haifiki,
kama maji ya bomba na ghorofa yetu ya tano.
Ufa wangu uko ghorofa ya tano.
Kukikata kipande anaweza, lakini kabari ikipunguzwa
mifupa husagana, na deni hilo hulipwa uzeeni.
"Tujaribu miezi mitatu bila kisu.
Likikwama likakataa kujiachia, njoo siku hiyo hiyo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Ufa huu hauzibiki. Tujenge ukuta.

Ukuta ni msuli wa paja, na fundi wake ni Graciete,
binti mwenye saa shingoni na asiye na huruma.
Taulo chini ya goti: kaza, hesabu tano, achia.
Mguu ulionyooka, unyanyue, ushushe polepole, usiutupe.
Baiskeli isiyokwenda popote.
Wiki ya tatu nikamwonyesha paja langu,
limekonda kama kuku wa Kwaresima.
"Basi tumlishe," akasema, akaongeza uzito.

Sasa kigoda changu kina shibiri mbili na nusu.
Nasimama kila robo saa; vijana wanacheka, wacheke.
Siku za mvua goti hunong'ona, namwacha anong'one.

Jana tulirudi mbele ya duka la dawa.
Katika safu ya Jumanne ile jiwe moja linacheza,
nililiweka mwenyewe, goti likiungua.
Telmo akainua nyundo alipasue.
Nikamwambia subiri,
kwanza tushindilie yanayolizunguka,
na nikageuka kuchukua mchanga:
unyayo kwanza,
kisha mtu.