Zipu Nyeusi ya Inchi Saba

Bupe amefungua programu yetu huria kwa mara ya kwanza
na mistari laki nne imemkodolea macho bila salamu.
Chini ya dirisha, hapa Kijitonyama,
jenereta la fundi wa aluminiamu linakohoa.
"Nianze kusoma wapi?"

"Usisome," namjibu, nikijua nasikika kama mvivu.

Hakuna aliyeijua Kariakoo kwa kuisoma.
Mimi nilitumwa zipu.
Nyeusi, ya inchi saba, ya sketi ya shule ya dada yangu,
nina miaka kumi na mmoja, noti moja imekunjwa ndani ya soksi.
Shangazi Mwanahija hakunichorea ramani. Alisema:
shika Mtaa wa Kongo, ukifika kwa wauza vifungo umepitiliza,
rudi, uliza, usione haya.
Nilipotea mara mbili, nikarudi na zipu ya inchi nane.
Akanituma tena.
Hadi leo Kariakoo yote siijui,
ila uchochoro wa zipu naupita nimefumba macho,
na nikiwa pale najua nani wa kumuuliza mengine.

Basi nakutuma zipu, Bupe.
Kuna zahanati Mbagala wanalalamika:
dawa ya saa mbili asubuhi,
kengele inalia saa nane usiku,
wodi nzima inaamka, muuguzi anatukanwa kwa kosa letu.
Nenda. Mengine yote yapite kama maduka usiyonunua kitu.

Siku ya kwanza aliniuliza maswali kumi na moja.
Nilijibu tisa; mawili nilijifanya naongea na simu.
Siku ya pili umeme ulikatika tangu asubuhi,
akachora faili kwenye karatasi la chapati,
mishale juu ya mafuta.
Siku ya tatu alivuta kiti, akakaa karibu mno.

"Kuna mtu anatoa saa sita," alisema.
"Anatoa ili skrini isome saa zetu, sawa.
Lakini anaitoa hata kwenye kengele,
na kengele haijui Kiswahili."
Juu ya mstari huo pameandikwa:
*Usiguse. Nitaeleza baadaye.*

"Mpumbavu gani huyu?" nikauliza.

Akafungua kumbukumbu. Miaka tisa iliyopita,
usiku wa manane, jina langu, herufi zote.

Nilitafuta kichwani sababu ya kuandika vile.
Palikuwa na homa? Palikuwa na mkubwa anapiga simu?
Hakuna. Patupu, kama mfuko wa suruali iliyofuliwa.
Miaka tisa watu wamepita pale kwa ncha za vidole,
wengine wako nchi ambazo sijui hata salamu zao,
wakimheshimu mzee aliyesema usiguse,
na mzee mwenyewe hakuwa na siri yoyote.

"Baadaye ndiyo leo," Bupe akasema. Hakucheka.

Akafuta maneno yangu. Akaandika yake, mistari mitatu,
kwa nini saa zetu huanza na jua,
kwa ajili ya yeyote atakayekuja bila shangazi.
Tukajaribu.

Kengele ikalia saa tatu asubuhi.

Inchi nane.
Nikafungua mdomo nimtume tena,
lakini kiti kilishakuwa kitupu,
yuko kule mezani kwake, ameinama, yumo njiani,
na njia hakuniuliza.